Utulivu wa Kolekole

Siku hizi huruhusiwi kuvua kwa starehe bila kuvaa bangili inayokuletea hisia za samaki uliyemnasa. Mzee Shaame aliivaa hivyo hivyo, maana bintiye Raya alimbembeleza waende kuvua kwenye visiwa vya mawe, asahau kidogo msiba wa mkewe.

Kolekole mkubwa aliponasa kwenye ndoana, hofu ya samaki yule ilimwingia mzee. Akashindana naye mpaka hofu ikakatika ghafla, ukabaki utulivu mtupu.

"Keshachoka, baba! Mvute!"

Mzee hakuvuta. Utulivu ule aliujua. Ndio aliouona kwa mkewe hospitalini, akafurahi, akaenda zake nyumbani kulala.

"Nilidhani mama yako kapata nafuu," alisema. "Kumbe alikuwa keshakata tamaa."

Raya akaukata mshipi. Samaki hakukimbia.