Dohani ya Bi Mize

Kila masika yakiisha, lipu ya dohani ya kutolea moshi jikoni kwa Bi Mize ilibanduka, na kila mara Fundi Msabaha alikuja kuiziba. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Bi Mize, mjane, alimwekea kahawa na kashata kama kawaida, lakini leo fundi hakugusa.

"Bi Mize, nina neno limenikaa kooni. Siku ile ya kwanza kisima kilikuwa kimekauka. Nikaona uvivu kwenda mbali, nikakoroga chokaa kwa maji ya bahari. Ni chumvi inayobandua lipu, si mvua. Leo naitoa yote mpaka kwenye jiwe, nianze upya kwa maji ya kisima. Haitabanduka tena mpaka tunakufa."

Bi Mize alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Hiyo chumvi naijua tangu mwaka ule. Nilichovya kidole kwenye ndoo yako nikaonja."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungetengeneza siku moja, ukaenda zako."

Fundi alichukua patasi yake. Alibandua lipu yote, taratibu kuliko ilivyohitajika, mpaka mawe ya matumbawe yakabaki wazi. Alipoomba maji, Bi Mize alitoka kwa mlango wa uani, ule unaoelekea kisimani na ufukweni pia. Alirudi na ndoo, akaitua bila kusema alikoyateka.

Fundi alichovya kidole, akakisogeza karibu na midomo. Kisha akakifuta shatini, akamimina maji yote kwenye chokaa.