Sale la Nne

Jirani yake Nakijwa, Bibi Namkunda, hudai kwamba masale yale, mimea ya majani marefu iliyo kati ya shamba la mkonge na parokia, hayakupandwa kuonyesha mpaka. Anasema wakata mkonge tisa walikufa kwa ndui katika juma moja, wakazikwa kwa mstari, kila kaburi likapandwa sale lake. Miaka baadaye mwenye shamba alikuja na mpima ardhi. Wakaona mimea imenyooka, wakaiita mpaka, wakauchora kwenye ramani.

Asubuhi moja Nakijwa alimkuta fundi Mbazi akichimba shimo la nguzo ya uzio kwenye sale la nne.

"Kaka, hapo amelala babu yangu."

"Ramani haina kaburi, dada. Ina mpaka wa shamba na parokia, basi."

"Ramani ilikuja babu ameshazikwa."

"Kamlete basi atoe ushahidi!" Mbazi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Nakijwa alipiga magoti, akaanza kurudisha udongo shimoni kwa viganja vyake.

"Sisemi usijenge," alisema. "Sogeza hatua moja tu, kaka yangu."

Mbazi aligeuka akatazama nguzo tatu alizokwisha kusimamisha, kila moja mahali pa sale alilong'oa, saruji yake bado mbichi.