Kisanduku Chenye Tiki

Seremala alipokiona kile kisanduku chenye tiki kwenye mipangilio ya tovuti, roho ilimruka.

Mdogo wake, seremala mwenzake, ndiye aliyemketisha mbele ya kompyuta. "Kaka, niangalizie. Miezi mitano tangu nifungue tovuti, hajapiga simu hata mteja mmoja. Mwezi huu ukipita hivi, nafunga karakana."

Tovuti yenyewe ilikuwa nzuri mpaka inakera. Makabati yanang'aa, vitanda vimepigwa picha kwenye mwanga wa dirishani. Mama yao alizunguka na simu mtaa mzima akiwaonyesha majirani. Tovuti ya kaka mtu, hakumwonyesha hata paka.

Kando ya tiki paliandikwa: "Ficha tovuti hii, wanaotafuta mtandaoni wasiione." Mtu huiweka wakati anajenga tovuti, akimaliza anaiondoa. Wanaoanza husahau. Yeye mwenyewe aliisahau kwenye tovuti yake mwaka mzima, wala hakumwambia mtu.

Ni kubonyeza mara moja tu. Kidole chake, chenye gundi ya mbao iliyokauka ukuchani, kilitulia juu ya kipanya.

"Umeona kitu?" mdogo wake aliuliza, akimwinamia begani.

"Huku hakuna shida," alisema, akafunga ukurasa. "Labda rangi. Rangi zimepooza."

"Nilijua tu!" Mdogo mtu akageukia mlangoni. "Mke wangu, njoo! Kaka ameshalipata tatizo." Kisha akavuta kigoda, akaketi ubavuni pake. "Tuchagulie wewe, kaka. Mimi nakuamini wewe tu."