Juu ya Mstari Mwekundu

Mshale wa mizani ulitetemeka, ukatulia juu kidogo ya mstari mwekundu. Pélagie akatabasamu.

Miezi mitano mfululizo muuguzi wa kituo cha kugawa maziwa ya watoto alikuwa akimgombeza mbele ya akina mama wote kwamba mwanawe ni mwepesi. Basi asubuhi hii, kabla ya kuvuka mto kutoka Lubunga, alimbembeleza mtoto mpaka akanywa vikombe viwili vya maji na kula nusu ya kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa ndani ya jani.

“Bravo, mutoto amepanda,” muuguzi akasema, akafunga kadi. “Donc maziwa yake inaisha leo. Amri ya mupya imetoka Kinshasa: tunapatia tu bale batoto beko chini ya mustari.”

“Lakini ni maji, mama! Nilimunywesha maji!”

“Citoyenne, rudia wiki ijayo. Akiwa chini, tutamupatia.”

Nje, mtoto akanyoosha mkono kwenye kwanga iliyobaki. Uzi aliofungwa mkononi akiwa mchanga bado ulimpwaya.

Pélagie akaikunja kwanga ndani ya jani lake, akakaza kamba kwa meno.

“Nyamaza, papa,” akamwambia mwanawe. “Utakula wiki ijayo.”