Kasi ya Matone

Mama Mwanaidi wa chumba cha pili anadai mumewe alichukuliwa kwa chafya ya pilipili. Jicho la mashine lililotundikwa kwenye dari ya kila jiko kusaka wagonjwa lilipima kasi ya matone ya mate yake, likaona yanakwenda mbio kama ya mgonjwa. Watu wa karantini wakaja na gari kumbeba, na hajarudi.

“Mama Mwanaidi, kwa kutia chumvi hujambo!” nilimcheka.

Leo nilikuwa nakaanga dagaa, moshi ukampalia bibi, akakohoa. Nikaupepea kwa ungo, kumbe nayasukuma matone yake. Jicho likawa jekundu, mlango ukajifunga.

“Waambie ni moshi, mjukuu wangu,” bibi ananong’ona, khanga mdomoni.

Nimeuweka ungo chini, nalitazama jicho. “Upepo ulikuwa wangu mimi. Mpimeni tena, tafadhali.”

Jicho limebaki jekundu. Nje, gari linazima injini.