Bei ya Baba

Kamera ya mfumo wa bidhaa, juu ya mlango wa duka la Mashavu, ilihesabu kila kisichohama kuwa mzigo uliolala. Ndivyo baba yake, aliyepooza miguu na kushinda kwenye kiti kando ya mchele, alivyopangiwa bei.

“Bidhaa ya kando ya mchele haijatoka,” mfumo ulisema asubuhi hiyo. “Ipunguzwe bei au iondolewe?”

Mashavu alishalalamika mpaka akachoka. Vilivyoondolewa vilibebwa na gari na havikurudi, kwa hiyo alibonyeza kupunguza, kama kila mwezi, huku akiomba asitokee wa kumtaka baba yake. Sheria haikumruhusu mwenye duka kumnyima mteja kitu chenye bei.

“Nimefika ngapi, mwanangu?”

“Bado uko juu, baba.”

Alisimama mbele ya kibao cha bei ili mzee asione kwamba sasa ni rahisi kuliko kiberiti.

Mteja mgeni aliingia, akaipita sabuni, akaupita mchele.

“Shikamoo, mzee,” alisema kwa adabu.

“Marahaba, baba.”

Kisha akamgeukia Mashavu na kumuuliza kama anaweza kulipa kwa simu.