Noti Moja ya Alto

Mwalimu alifuta mi, akaandika fa.

Ilikuwa noti moja tu, katika sauti ya alto, pale wimbo unapofika kileleni. Akapuliza vumbi la raba. Kwa miaka ishirini na miwili kwaya hii ya Isecheno ilikuwa imeimba nyimbo alizotunga Mwalimu tu. Sasa ilikuwa imechagua kwenda mashindanoni na wimbo wa Muhonja, msichana ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha kusoma noti. Na wimbo wenyewe ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomkereketa roho.

"Umenikagulia, Mwalimu?" Muhonja aliuliza, akiipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Iko sawa."

Jioni ile kwenye mazoezi, kwaya ilipanda na wimbo hadi pale juu. Alto wakaingia na fa yao, na wote wakakunja uso. Mwalimu, kwenye benchi la nyuma, alisikia raha ikimtambaa kifuani.

Muhonja aliinua mkono, wakanyamaza. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Kidole chake kikasimama pale pale raba ilipopita, kwenye ile f ya fa, yenye mkia mrefu, aliyoijua tangu darasa la nne.

"Hapa si kumeharibika?" akauliza mama mmoja wa alto.

"Huu ni mwandiko wa Mwalimu," Muhonja alisema. "Yeye hakoseangi. Ni sisi hatujaizoea. Imbeni fa, tena kwa nguvu."

Wakaimba. Kufikia mara ya tano, hakuna aliyekunja uso tena isipokuwa Mwalimu.